Kabla ya kumlaumu mpangaji, soma namba kwenye simu yake

Mhariri,

Nimesoma katika ukurasa wako wa barua malalamiko ya mwenye nyumba mmoja wa Morogoro, aliyebadilisha neno la siri la waifai yake na kuwanyima wapangaji watatu kwa madai kwamba wanakula intaneti mpaka kurasa hazifunguki. Niliisoma barazani, nikalikunja gazeti, nikaweka kikombe cha kahawa juu yake. Baadaye nikalikunjua nikaisoma tena. Alilofanya yeye nimelifanya mimi mwezi uliopita, ila mimi nimekwisha kuumbuka, na yeye huenda bado.

Mimi ni fundi simu mstaafu. Niliajiriwa mwaka 1978 na Shirika la Posta na Simu, nikapanda nguzo za Pangani, Muheza na Korogwe, na shirika lilipogawanywa miaka ya 1990 nikaangukia upande wa simu. Nilistaafu mwaka 2016 na goti moja bovu. Nyumba yangu iko Ngamiani, hapa Tanga, nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi za huku: ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, uani jiko na choo, na chumba kimoja nilichokiongeza pembeni ya kisima. Mbele kuna baraza.

Tunaishi kaya tano. Mimi na mke wangu. Fundi cherehani, mwenye chumba cha mbele lakini mashine yake inakaa barazani. Kijana wa bodaboda na mkewe. Mama muuza vitumbua na wanawe wawili. Na kwenye kile chumba cha kisimani binti anayesoma uhasibu. Mwaka 2023 tulivuta intaneti ya waya wa kioo (faiba). Bili ni shilingi 60,000 kwa mwezi, kila kaya inatoa 12,000, nami ndiye mshika fedha. Hapo ndipo nilipoanza kujiona meneja wa kituo cha simu.

Ugonjwa ulianza hivi. Ikifika magharibi, kelele. Mama vitumbua anagonga mlango: mtoto ana kazi ya shule, ukurasa unazunguka tu. Wa bodaboda naye anapita ukumbini na simu juu kama anayetafuta mwezi wa Ramadhani. Mimi natazama simu yangu, nafungua habari, zinafunguka. Namwambia simu yake mbovu. Anakuja mwingine, naye namwambia simu yake mbovu. Nikizima kisanduku cha intaneti (ruta) na kuwasha, wawili wanapona na wa tatu anaugua. Kesho yake aliyeugua mzima, na mzima anaumwa. Homa ya vipindi.

Nilipiga simu kwa waliotuunganishia. Kijana akasema zima, subiri sekunde thelathini, washa. Nikamwambia nimefanya. Akasema fanya tena. Sina ugomvi naye, alikuwa na karatasi mbele yake anaisoma. Nasi zamani tulikuwa nayo, tukimwambia mteja aweke mkono wa simu chini na asubiri.

Basi nikaanza upelelezi wangu, na mpelelezi mvivu humkamata wa kwanza anayepita. Binti wa uhasibu hurudi chuoni saa kumi na mbili na nusu jioni. Anafungua mlango, anafungua laptopu. Na kurasa zinaanza kugoma saa kumi na mbili na nusu, saa moja. Ushahidi gani tena nilioutaka? Nikamwita. Akaja, shikamoo babu, akasimama mlangoni. Nikamwambia: mwanangu, hilo likompyuta lako linavuta nini kila jioni? Akasema anasoma noti na kuna siku mashine inajisasisha. Nikaona amekiri.

Akaniambia neno moja ambalo lingeniokoa kama ningekuwa na masikio. "Babu, Jumapili nashinda nyumbani na laptopu imewaka tangu asubuhi. Mbona intaneti inakaa vizuri mpaka magharibi?"

Nikamjibu kwamba Jumapili watu wengi wako kanisani. Tanga hii! Mke wangu alicheka akiwa jikoni, nami nikajifanya sikusikia.

Nikaingia kwenye mipangilio ya kisanduku, nikatafuta laptopu na simu yake kwenye orodha ya vifaa, nikavifungia vyote viwili. Usiku ule kimya. Usiku wa pili kimya. Hakuna aliyegonga mlango. Nilipita ukumbini mikono nyuma kama hakimu aliyetoka kusoma hukumu. Usiku wa tatu mama vitumbua akagonga.

Hapa niseme lile nililopaswa kulikumbuka, maana ndilo lililonilisha karibu miaka arobaini. Fundi simu akiambiwa simu ya mteja haisemi, hapandi nguzo ya kwanza anayoiona. Anaigawa laini. Anakwenda mahali katikati, anafungua kiungo, anachomeka simu ya kupimia na kusikiliza upande wa kituoni. Mlio ukiwepo, upande ule mzima, anageukia wa mteja. Ubovu unabaki nusu ya njia, kisha robo, mwisho unaukuta umelala kwenye kiungo kimoja kilichoingia maji ya mvua. Hakuna anayeuliza mteja ni mtu wa namna gani.

Intaneti ya nyumbani nayo inagawanyika vilevile, na hakuna haja ya kifaa chochote zaidi ya simu ya mkononi. Kwanza taa. Kisanduku chetu kina taa imeandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki, waya wa nje umekatika au umekunjwa, na hapo hata ungewafukuza wapangaji wote usingefungua ukurasa mmoja. Mara moja panya wa darini aliutafuna wetu, ikawaka mchana kutwa.

Taa ikiwa nzuri, nauliza: simu inakiona kisanduku? Kwenye brauza, pale juu panapoandikwa jina la tovuti, naandika 192.168.1.1, ambayo ndiyo anwani ya kisanduku chetu (vingine vina namba nyingine, mara nyingi imeandikwa kwenye kibandiko cha chini). Ukurasa wa kisanduku ukifunguka, waifai si mgonjwa. Usipofunguka, ugonjwa uko kati ya mkono wangu na kisanduku: kuta, umbali, au mahali kilipokaa. Kwetu mwaka wa kwanza mke wangu alikiweka nyuma ya kabati la vyombo ili kisiharibu sura ya sebule, mbele yake masinia manne ya bati yamesimama wima. Chumba cha kisimani hakikupata kitu. Tulipokipandisha juu ya kabati, kikapata. Visanduku vingi vya siku hizi vina mawimbi ya aina mbili, 2.4 na 5. Ya 5 yana kasi lakini hayapendi kuta, ya 2.4 yanapenya mbali zaidi ila yanagombania njia na ya majirani na hata na maikrowevu. Anayekaa uani atumie ya 2.4 na kuridhika.

Kisanduku kikionekana, nauliza la tatu: kisanduku kinaiona dunia? Naandika 1.1.1.1. Hiyo ni namba ya kompyuta zinazojulikana duniani kote, ilifunguliwa kwa umma mwaka 2018, na ina ukurasa wake. Namba ile ikiitika huku tovuti ya gazeti lako ikigoma, njia ni nzima, kilichokufa ni majina. Wenzangu wa zamani watanielewa: laini iko wazi, opereta kalala. Enzi zile ulikuwa unanyanyua simu unamwambia opereta nipe hospitali, naye ndiye aliyejua hospitali ni namba ngapi. Brauza nayo hufanya hivyo kila unapoandika jina, inauliza kwanza namba. Mwenye kujibu asipojibu, ukurasa unazunguka mpaka unachoka, na mara nyingi utashangaa WhatsApp inaendelea kupokea ujumbe kama kawaida, kwa kuwa yenyewe ilikwisha kuunganishwa. Dawa ni kumbadilisha opereta: kwenye mipangilio ya kisanduku, mahali palipoandikwa DNS, unaweka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 (ya Google). Tulifanya hivyo mwaka juzi na ugonjwa huo wa majina haujarudi.

Na kuna siku ambapo kila kitu nyumbani ni kizima. Jumapili ya 12 Mei 2024 nilizima na kuwasha kisanduku mara saba kabla ya adhuhuri. Taa zote kijani. Nikamgombeza kijana wa bodaboda. Kumbe mikongo miwili ya intaneti ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikuwa imekatika huko pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kijana wa watu anagombezwa Ngamiani kwa kosa la chini ya bahari.

Sasa nirudi kwenye aibu yangu.

Ule usiku wa tatu nilipogongewa nilijua hukumu yangu imeoza, lakini sikumfungulia binti. Nilijiambia labda wako wawili, labda na wa bodaboda naye anavuta. Mtu akishahukumu, Mhariri, kurudi nyuma ni kama kushuka nguzo gizani, mguu unatafuta kidato na hauoni. Nikamwacha binti amefungiwa siku tisa. Yeye hakusema kitu. Alikuwa ananunua bando la 2,000 kila siku kufanyia kazi za chuo, na nilikuja kulijua hilo kwa mke wangu, ambaye wapangaji humwambia yote.

Kilichonifungua macho ni betri. Simu yangu haitoki nyumbani, inalala kwenye meza ya sebuleni tangu alfajiri. Siku ya tisa nilisahau kuichaji ikazimika, nikaiwasha baada ya swala ya isha. Ukurasa haufunguki. Nikasubiri. Haufunguki. Nikaandika 192.168.1.1 ili nione kisanduku. Hakuna. Na waifai imejaa mistari yote! Nikahisi baridi mgongoni, ile ambayo fundi huihisi akigundua kwamba laini aliyokuwa akiipima si laini aliyodhani.

Nikaenda kwenye mipangilio, nikagusa jina la waifai, nikasoma pale palipoandikwa anwani ya IP. Nyumba yetu, tangu tumevuta, kila kifaa huanza na 192.168.1, halafu namba yake ya mwisho. Simu yangu iliandika 192.168.0.104. Sifuri. Chini yake, mahali pa lango, 192.168.0.1.

Nikamwita binti. Alikuja na khanga kichwani, kalamu mkononi, nami bila kumtazama usoni nikamwambia alete daftari na awaite watu wote na simu zao. Tukatandika mkeka ukumbini chini ya taa. Vifaa vikawa vinane, ukihesabu kishikwambi cha watoto kilichopasuka kioo na laptopu yake, niliyoifungulia palepale. Yeye akawa anasoma namba na kuandika, mimi nauliza swali moja tu kwa kila mtu: leo simu hii imeshinda wapi?

Ya mke wangu imeshinda nyumbani: 192.168.1. Kishikwambi, nyumbani: 192.168.1. Ya mama vitumbua ilikwenda sokoni ikarudi jioni: 192.168.0. Ya bodaboda, barabarani siku nzima: 192.168.0. Ya mkewe ilishinda nyumbani: 192.168.1. Ya mtoto mkubwa, iliyozimwa akaiwasha baada ya shule ya jioni: 192.168.0. Laptopu: 192.168.0. Na yangu. Watatu wazima, watano wagonjwa, na kila mgonjwa ni aliyeingia mtandaoni baada ya jua kuzama. Binti akapiga mstari chini ya ile sifuri mara mbili, akaniuliza, "Babu, huyu 0.1 ni nani?"

Swali hilo ndilo lililostahili kuulizwa siku ya kwanza. Kifaa kikiingia kwenye mtandao wa nyumbani hupiga kelele: nipeni namba. Kazi ya kisanduku ni kuitika na kugawa namba, na pamoja na namba humwambia mgeni lango la kutokea nje ni lipi. Kifaa kilichokwisha kupewa hutulia nayo kwa muda, ndiyo maana waliokuwemo tangu mchana hawakuugua. Lakini wakiwemo wagawaji wawili, mgeni humsikiliza anayewahi kuitika. Na huyu wa pili alikuwa anawapa watu lango lisilotokea popote. Ni kama mtoto barazani anayewaonyesha wageni mlango wa stoo. Ukizima na kuwasha, wote wanaomba upya, wanaobahatika wanapona na wasiobahatika wanaugua. Homa ya vipindi nikaielewa.

(Ukikuta kwenye kompyuta namba inayoanza na 169.254, hiyo ni habari nyingine kabisa: maana yake imeita na hakuna aliyeitika, ikajipa namba yenyewe. Nayo haitakufikisha kokote.)

Kwenye simu yangu nikaandika 192.168.0.1. Ukafunguka ukurasa wa kuingilia, rangi ya kijani, ambao sijauona maishani. Chetu ni cha bluu. Nyumbani mwangu kulikuwa na kisanduku cha pili.

Nikapanda kiti, goti na yote, nikachungulia nyuma ya kisanduku chetu juu ya kabati. Kina matundu manne ya waya. Moja ni la televisheni, moja la kompyuta yangu ya mezani. Hayo nimeyachomeka mimi. La tatu lilikuwa na waya wa kijivu. Nikauchomoa. Binti akaniambia zima waifai ya simu yako uwashe, nikafanya, ikaja 192.168.1.23, na habari zikafunguka.

Waya ule niliufuata kwa mkono, kama nilivyofuata nyaya za watu maisha yangu yote. Ulipanda pembeni ya fremu ya mlango, umepigwa misumari midogo vizuri kabisa, ukaingia darini, ukatokea juu ya chumba cha mbele, ukatoboa ubao wa dirisha na kushuka barazani. Kwenye baraza, chini ya meza ya cherehani, kati ya mabaki ya vitenge, kuna kisanduku cheupe cha mtumba kinawaka taa. Kimechomekwa kwenye ekstensheni moja na taa ya kushonea. Waswahili walisema kikulacho ki nguoni mwako. Chetu kilikuwa ndani ya nguo kwelikweli.

Fundi cherehani alishtuka kuliko mimi. "Mzee wangu, mimi nilitaka tu isomeke hapa nje." Alikinunua mnadani, kijana wa kibanda cha simu akakiwekea jina lilelile la waifai yetu na neno la siri lilelile ili watu wasisumbuke, akachomeka waya kwenye tundu lolote lililokuwa wazi. Mchana hashonei taa, ekstensheni imezimwa, kisanduku kimekufa. Magharibi anawasha taa ya kushonea, nacho kinaamka na kuanza kugawa namba zake mbovu kwa kila anayerudi nyumbani. Na zile siku mbili za ushindi wangu? Alikuwa Handeni kwenye msiba.

Nikamuuliza nani alimruhusu kupitisha waya darini. Akamtazama mke wangu. Mke wangu akasema, "Nilimruhusu mimi. Ulikuwa umelala."

Kumponya mgonjwa kulichukua dakika kumi na aliyefanya kazi ni binti. Alikiunganisha kile cheupe na laptopu peke yake, akaingia kwenye ukurasa wa kijani, akazima kule kugawa namba (kumeandikwa DHCP), akakipa anwani ya 192.168.1.2 ili kisigongane na kikubwa, akarudisha waya kwenye tundu la kawaida, si lile la rangi tofauti. Sasa barazani inasomeka na hakuna anayeugua. Wazee tunaokunywa kahawa pale jioni tumefaidika kuliko wote.

Baada ya hapo akaniuliza kwa nini kompyuta yangu ya mezani ina tarehe ya 1 Januari 2009. Nikamwambia hiyo nayo imekuwa ikikataa kurasa, inaandika kwamba muunganisho si salama, na nilikuwa nimeiweka kwenye orodha ya makosa yake yeye. Akacheka, kwa mara ya kwanza katika siku tisa. Kurasa za siku hizi huja na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba tuko 2009 inaonyeshwa cheti cha mtoto ambaye hajazaliwa, inakataa, nayo ina haki. Ndani ya mashine kuna betri bapa kama sarafu, imeandikwa CR2032, inayoshikilia saa umeme ukikatika. Ikifa, kila umeme unapokatika saa inarudi mwanzo. Nilinunua mpya kwenye duka la saa za mkononi, nikaibadilisha mwenyewe. Hilo walau niliweza.

Jambo moja nawalalamikia wanaotuuzia visanduku hivi. Kitabu kilichomo ndani ya boksi letu kina lugha kadhaa na Kiswahili hakimo. Anayepiga simu anaambiwa zima uwashe. Wangeweka ukurasa mmoja tu: taa nyekundu maana yake nini, anwani ya kisanduku ni ipi, anwani ya IP kwenye simu inatakiwa kuanza na nini, na usichomeke kisanduku cha pili kabla ya kukizimia ugawaji wa namba. Ukurasa huo ungeokoa ndoa na kodi za pango. Mlaji anayelipa kila mwezi hawezi kuwa anakisia, na Mamlaka ya Mawasiliano ingewabana kwa hilo ningefurahi.

Simsemi mwenzangu wa Morogoro kwamba amekosea. Kweli wapo wapangaji wanaovuta filamu usiku kucha, na mzigo mkubwa hupunguza kasi ya wengine. Ila nimejifunza kuitofautisha sauti ya magonjwa haya mawili. Mzigo ukizidi, ukurasa unakawia, unafunguka nusu, picha zinashuka pole pole, na kila mtu nyumbani anaumia pamoja. Huyu wetu hakukawia. Alikataa katakata kwa watano na kuwaachia watatu, na hilo pekee lilitosha kuniambia kwamba si wingi wa matumizi. Mvutaji mmoja hawezi kuchagua simu ya nani izimwe.

Binti nilimwita kesho yake asubuhi, mbele ya mke wangu na fundi cherehani, kwa sababu nilimtuhumu mbele yao. Nikamwambia nimekosa. Nikampa shilingi 18,000, siku tisa mara 2,000. Alizikataa, mke wangu akamfungia kwenye pindo la khanga. Daftari lake la namba za vifaa vinane ninalo, nimeliomba, liko juu ya kabati pembeni ya kisanduku. Neno la siri la mipangilio nimempa yeye.

Kwa hiyo naomba, Mhariri, umfikishie msomaji wako wa Morogoro maswali mawili tu. Nyuma ya kisanduku chake kuna waya ngapi, na zipi amezichomeka yeye? Na ule usiku alipobadilisha neno la siri, simu za wale wapangaji watatu zilikuwa zimeandika namba gani?

Fundi simu mstaafu,
Ngamiani, Tanga